Mafuta ya Upako Kwenye Bunduki

Vällingby, Jumatatu

Wanjohi ndugu yangu,

Juzi Jumamosi saa nne asubuhi nilipoteza nafasi yangu katika timu ya klabu ya shabaha. Bunduki ilikwama mara saba katika risasi ishirini. Nikabadilisha magazini, kile kisanduku cha risasi, ikakwama tena. Nilipoifungua vipande vipande, vyuma vinavyosukuma risasi vilijaa mafuta mazito yanayonukia waridi. Mafuta ya upako!

"Nilikuwa nakemea pepo wa vita, dada," uliniambia kwa simu, bila aibu. Nilishikwa na kinyaa.

Chuma nimekisafisha. Lakini namba ya sefu ya bunduki nilikuachia wewe peke yako, kwa dharura, na jana Maryanne wa kikundi chenu cha maombi alinisifia sefu hiyo, nami sijawahi kumwonyesha. Leseni yangu iko hatarini. Ni watu wangapi walikuona ukibonyeza namba? Nataka idadi, si zaburi, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Dada yako aliyekuamini,
Wanjira