Majina Manne

Nyumba za Wafanyakazi,
Mlango wa mwisho, ubavuni mwa kituo cha umeme.
Jumapili, 9 Juni.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwanza, nyingi kuliko nguvu za mkono huu unaoandika. U hali gani huko? Mgongo unasemaje? Mara ya mwisho ulisema daktari amekukataza kuinama, nami najua wewe kukatazwa ni kama kuambiwa uanze. Mara hii mtii, tafadhali. Sisi hatujambo, ile hatujambo ya watu waliochoka. Wifi yako kikohozi kimempungua sana, nitakueleza sababu. Magoti yangu yananigombeza kila asubuhi, na masikio ndiyo yale yale: nikiitwa chai nasikia, nikiitwa kupasua kuni sisikii.

Usinilaumu kwa kuchelewa. Barua yako ina miezi mitatu mezani, pamoja na kile kipande cha gazeti chenye picha ya minara ya upepo na swali lako: je, hiyo minara iliyojengwa kwenu imeleta neema kweli, au ni maneno ya magazeti? Kila nikishika kalamu mkono unagoma. Swali lako ni la mstari mmoja, dada, lakini jibu lake limenizeesha.

Nianze na ule mkutano wa wenyeji kuhusu minara, maana wewe ulisikia nusu tu. Ni kweli nilisimama kuupinga upepo. Nilikuwa msimamizi wa injini za dizeli kwa miaka ishirini na saba, ungetaka nipige makofi? Nikawaambia watu kwamba upepo hauna ratiba, huja ukitaka na huondoka bila kuaga. Watu wakacheka, nikaona nimeshinda. Ndipo mkunga wetu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wenyeji, akainuka taratibu. "Msimamizi, wewe una injini tatu zenye ratiba. Mbona juzi nimezalisha kwa tochi?" Wakacheka zaidi, na safari hii walikuwa wananicheka mimi.

Yule mama ana kichwa. Hakukubali mpaka kampuni ya minara ikaandika kila kitu: wenye mashamba waendelee kulima chini ya minara na walipwe kodi ya kila mwaka, sehemu ya mapato irudi kwa wenyeji, na kazi wapewe kwanza watu wa hapa. Miezi saba ya vikao. Nilimwona akisinzia huku anasahihisha karatasi.

Basi minara ikaja. Kabla ya minara ikaja barabara, kwa sababu bawa moja la mnara ni refu kuliko foleni ya watoto wa shule wakienda mchakamchaka, na lori linalolibeba halipindi kona za mbuzi. Wakapanua, wakamwaga kokoto, wakaweka makalvati ya kupitisha maji. Bawa lilipita mara kumi na nane, barabara imebaki. Sasa gari la wagonjwa linafika hospitali kubwa kwa dakika arobaini. Zamani ilikuwa saa mbili na nusu, ukiwa na bahati. Juu ya mgongo wa kilima imesimama minara sita, watu wanaiita feni za Mungu. Jirani mmoja wa kule juu analalamika kwamba inamvumia masikioni kutwa. Mimi sina haki ya kumjibu, masikio yangu unayajua.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Jumanne moja mkuu wa kituo aliniita ofisini. Alikuwa amefunga dirisha, nikajua si jambo jema. Akasema injini mbili zinazimwa, moja inabaki kwa siku ambazo hakuna upepo. Wafanyakazi tulikuwa kumi na wawili pamoja nami. Wanahitajika wanne. "Wewe ndiye unayewajua," akaniambia. "Niandikie majina manne, niyapate Ijumaa." Akanipa karatasi tupu, kana kwamba ananituma sokoni.

Nilitembea na karatasi ile mfukoni mwa shati siku tatu. Wifi yako akiuliza mbona huli, nasema tumbo. Jina la kwanza niliandika langu. Kalamu ilijiandikia yenyewe. Likafuata la fundi umeme, kwa sababu bila yeye kituo ni ghala la vyuma. Likafuata la mama wa stoo, mjane, anayejua kila nati ilipo. Likafuata la anayezipaka injini mafuta, kijana wa watu mwenye bidii. Nafasi zimekwisha, na bado kuna fundi wa pampu za injini, mwenye watoto watano, anayeijua ile injini ya tatu sawa na mimi au kunizidi.

Na bado yupo mchomeleaji. Unamkumbuka, yule mfupi mwenye kicheko cha kopo, aliyesimama shahidi siku ya ndoa yangu. Injini moja inayonguruma mara chache haihitaji mchomeleaji wa kila siku. Nilijua hivyo tangu ofisini, ila niliendelea kujifanya nafikiri.

Ijumaa asubuhi nilikata jina langu, nikaandika la fundi wa pampu. Usidhani ni utakatifu, dada. Nilijaribu kuwazia nikiwaaga watu wanane langoni huku mimi nimejiweka wa kwanza, nikaona siwezi. Hiyo ndiyo sababu yote. Nikapeleka karatasi, nikarudi zamu, sikumwambia mtu. Hata mke wangu sikumwambia.

Jumamosi, baada ya mkuu kumwambia kwamba hayumo, mchomeleaji aliingia kwangu bila hodi. "Miaka ishirini tunakula sahani moja, leo umeniacha nje?" Nilitamani anipige tu yaishe. Nikampa nakala ya karatasi. Akaisoma, akaisoma tena, akaigeuza kutazama nyuma.

"Jina lako liko wapi?"

"Halipo."

Akakaa juu ya ndoo iliyokuwa imefunikwa kando ya mlango. Akaomba maji. Alipoinua macho kupokea kikombe, niliona aliyekileta ni wifi yako, na uso wake ukaniambia amesikia kila neno.

Siku kumi na moja wifi yako hakuniongelesha ila yale ya lazima. Chakula kilikuja mezani kwa adabu zote, kana kwamba mimi ni mgeni. Siku ya kumi na mbili, tukiwa tunakunja nguo, akasema, "Hukunikosea kwa kujikata. Umenikosea kwa kubeba peke yako. Mimi nimekaa na moshi wa injini zako miaka yote hii, halafu siku ya kuamua nikawa mtu wa nje?" Nikamwomba radhi. Amenisamehe, lakini kuna kitu bado kinatembea taratibu kati yetu, kama mtu aliyevunjika mguu anapojifunza kukanyaga.

Injini nilizizima mwenyewe. Ya kwanza Jumatano, ya pili Alhamisi. Sitaandika mengi. Niliweka kiganja juu ya chuma mpaka kikapoa.

Ila nikuchekeshe kidogo. Wiki iliyofuata mwalimu wa shule iliyopakana nasi alikuja langoni na malalamiko. Kwa miaka yote amefundisha kwa kupiga kelele kuzishinda injini, na sasa hawezi kuacha. "Watoto wananiuliza, mwalimu, tumekosa nini leo?" Nikamwambia dawa yake ni kwenda kunong'ona nyumbani kwanza. Akanijibu kwamba mume wake ndiye aliyemtuma kwangu.

Kuhusu hewa chafu inayotajwa kwenye kile kipande chako, nitakupa hesabu niliyoifanya kwa mkono wangu, si ya gazeti. Mhandisi wa minara, binti mmoja mwenye kofia ya njano, aliniambia lita moja ya dizeli ikiungua inatoa hewa ya ukaa zaidi ya kilo mbili na nusu. Nikabisha. Lita yenyewe haifiki kilo, itatoaje mbili na zaidi? Akanieleza kwa subira kwamba mafuta yakiungua hushikana na hewa inayovutwa, ndiyo maana uzito unaongezeka. Nikachukua daftari langu la mafuta. Zamani yalikuja malori manane kila mwezi, lita elfu thelathini kila moja. Sasa yanakuja mawili. Nilizidisha mara tatu nikitumaini nimekosea. Karibu tani mia tano kila mwezi, dada, ambazo hazipandi tena angani. Maana yake ni kwamba zilikuwa zinapanda, na mkono uliozipandisha, kwa fahari na sare iliyopigwa pasi, ulikuwa wangu. Sikulala vizuri baada ya hapo.

Moshi huo kupungua ndiyo sababu ya nafuu ya kikohozi cha wifi yako. Siku hizi anaanika shuka nyeupe nje na kuzikuta nyeupe jioni. Mara ya kwanza alikuja kunionyesha, akaishika moja mbele yangu.

Utataka kujua wale wanane wameishia wapi. Kamati iliibana kampuni kwa lile sharti la wenyeji: vijana watatu wanafundishwa kupanda minara, wawili wamechukuliwa kwenye nguzo na nyaya. Mmoja alichoka kusubiri, akahamia kwa mwanawe, hakuniaga. Tukabaki mchomeleaji na mimi. Mimi nilipimwa kwa ajili ya minara, daktari akatazama magoti na presha yangu, akacheka kwa upole. Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wazee; nami nimekuwa miongoni mwa mbao zilizokatwa.

Mapato ya kwanza ya wenyeji yamenunua pampu ya umeme kwa kisima kikubwa. Alhamisi iliyopita mkunga alikuja mwenyewe kuniomba niisimamie. Nikamwambia, "Mwenyekiti, nimechoka." Akavua viatu, akanyoosha miguu iliyovimba. "Nani hapa hajachoka? Ni kazi ya asubuhi tu." Nikatazama upande wa wifi yako. Safari hii nilisubiri neno lake kwanza. Akasema, "Mwambie mko wawili." Basi nikamwambia hivyo: mchomeleaji na mimi, zamu kwa zamu, au mtafute mwingine. Mkunga akaandika majina yote mawili pale pale, gotini.

Tunaanza kesho. Mchomeleaji bado hajarudi kuniita kwa lile jina letu la utani, lakini jana alipita kuuliza tutakutana saa ngapi.

Kwa hiyo ukiulizwa huko kama upepo umetufaa, sema umetufaa, wala usione haya. Moshi umepungua, maji yatafika milangoni, wajawazito wanafika hospitali wakiwa hai. Kisha uongeze kwamba kaka yako amechoka, na kwamba yeye mwenyewe ametaka hilo nalo lisemwe.

Nisalimie shemeji na wanangu wote, na yule mdogo umwambie mjomba bado anasubiri ile picha aliyoahidi kuchora. Wifi yako anakusalimu sana. Amesoma barua hii yote kabla sijaifunga. Mungu akulinde wewe na mgongo wako, akupe siku nyepesi na usingizi usio na mawazo.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye, hata ninapochelewa kujibu,

Kaka yako wa injini.