Nimeunganisha Kibodi ya Mkwe Wangu, Sasa Mikono Yake Inaungua

Bi Ulfat wa ukurasa wa Ijumaa, amani iwe kwako na kwa wote walio nyumbani kwako, nakuandikia mimi mwenyewe kwa mkono wangu, sikumtuma mtu, na kama herufi zimelala upande nisamehe, shule niliiacha mapema kwa sababu baba alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili ya msumeno, lakini jina langu uliza popote hapa Dumyat, sema Usta Metwalli wa makabati, watakufikisha mpaka mlangoni. Kabati langu likiingia nyumba halitoki mpaka nyumba ivunjwe. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kunirudishia kazi. Jina langu liandike lote gazetini, sina la kuficha, ila naomba msaada wako maana nimefika mahali ambapo randa haifai kitu wala patasi.

Kwanza nimshukuru Mungu kwa ajili ya Nesma. Nesma ni mke wa mwanangu Wagdi, na Wagdi yuko Kuwait anatengeneza milango ya watu, kwa hiyo ghorofa ya juu yupo Nesma na ya chini nipo mimi, na tangu mke wangu Karima alipofariki binti huyu hajaniacha nile peke yangu, ful ya asubuhi, maharage ya bakuli moja, tunakula pamoja, dawa ya kisukari ananiletea na maji yake, akiona nimenuna ananiambia, "Baba, leo nani kakuudhi, niende nikampige?" na Ijumaa ananisomea ukurasa wako wote, hata wale wanawake wanaogombana na mama wakwe zao, tunacheka mpaka chai inapoa. Binti sikuzaa, nimepewa.

Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, anaifanyia nyumbani, wakubwa wake wako Kairo, nami huwa napanda nakaa kitini karibu naye bila kusema neno, namsikiliza tu anavyobonyeza, ni kama nyundo ndogo za wapiga nakshi siku ya kazi nyingi. Mwaka jana mikono yake iliharibika, vidole vinakufa ganzi, vifundo vinawaka moto, daktari akamwambia apumzike muda mrefu au apasuliwe, naye kupumzika hajui kama mimi nisivyojua. Akaagiza kibodi nyingine kutoka ng'ambo. Ni kibodi ya namna gani hakuniambia, au aliniambia mimi sikusikiliza, yote mawili yanawezekana.

Ninachojua ni kwamba siku moja nilipanda nikaikuta kibodi imekatika vipande viwili. Kipande kimoja huku, kingine kule, waya mmoja umevishika visipoteane, na katikati ameweka glasi ya chai. Na vitufe havina herufi hata moja, vitupu kama meno. Nikajisemea moyoni, maskini mtoto, imemponyoka ikavunjika, na herufi zimefutika, na anaona haya kuniambia. Kila nikipanda naikuta vile vile, naye anafanya kazi mikono imeachana kama mtu anayekumbatia pipa, na uso umetulia, nikazidi kumhurumia kwa uvumilivu wake.

Basi alipokwenda Mansura kumwona mama yake nikaichukua nikaipeleka karakana. Nikatoa ubao wa mjozi niliokuwa nimeutunza tangu enzi za Karima, sikumpa mteja hata aliyenibembeleza. Nikauchonga, nikaupiga msasa mpaka ukawa kama shavu la mtoto, nikavilaza vipande vyote viwili ubavu kwa ubavu, nikavibana kwa chini na skrubu za shaba, na penye kiungo nikapitisha mstari wa ganda la chaza linalong'aa, pitisha ukucha husikii kitu. Bi Ulfat, nimewatengenezea maharusi wa mji huu wote, lakini kazi kama ile mikono yangu haikuwahi kutoa. Rafiki yangu Bayumi, muuza vanishi, alikuwepo amesimama na sigara yake.

"Umemuuliza mwenyewe?" akaniambia.

"Kwani daktari anamuuliza mgonjwa?"

"Anamuuliza, Metwalli. Ndilo jambo la kwanza analofanya."

"Ndiyo maana wagonjwa wanakufa. Nipe msasa."

Nesma aliporudi alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Nikadhani ni furaha. Akaja akanibusu mkono, akasema lile neno letu la kumwambia fundi, "Mikono yako isalimike, baba." Nilishuka ngazi kama kijana. Mkahawani nikawaeleza wote jinsi nilivyotengeneza kompyuta bila kusomea, na tangu siku ile nikiingia tu wanapiga kelele, "Mpisheni Injinia! Injinia kafika!" na wanaacha dhumna yao wananivutia kiti. Nikawa nawapandisha juu mmoja mmoja waje waone, wanapapasa ule mstari, wanatikisa kichwa, na Nesma anawapikia chai.

Sasa juzi nilipanda na sahani ya mishabbik ya moto, anaipenda ile yenye asali nyingi, nikakuta mlango wazi, yeye yuko jikoni amenipa mgongo, mikono yote miwili ameizamisha katika beseni la barafu, simu ameiegemeza kwenye birika, anaongea na mama yake.

"Mwambie tu, Nesma," mama yake anasema. "Ni mtu mzima, ataelewa."

"Mama, wewe hukuuona uso wake. Tangu mama Karima afe sijamwona hivyo. Nimwambie kwamba ilitakiwa iwe vipande viwili, kwamba ndiyo dawa yenyewe? Si nitakuwa nimemzika pamoja na mama Karima?"

"Na hiyo mikono?"

"Mwisho wa mwezi naacha kazi. Nitasema nimechoka, basi. Kila asubuhi anakuja kuiangalia, mama, anaipangusa vumbi kwa shati lake."

Nilishuka na sahani yangu. Mishabbik nikaila yote peke yangu, na sukari yangu hii. Aliniambia mikono yangu isalimike, Bi Ulfat, na ya kwake kuanzia siku ile ikarudi kuungua, na kosa ni langu, na hakunikunjia hata uso.

Lakini kichwa changu bado hakijakubali. Maisha yangu yote nimeunganisha, kilicho viwili ni kibovu na kilicho kimoja ni kizima, hata mtoto wa kujifunza kazi analijua hilo, sasa inakuwaje kitu kiwe kizuri kikiwa kimekatika? Hilo nieleze kwanza. Halafu nilifikiri niipasue katikati na msumeno nimwambie mbao imepasuka yenyewe kwa joto, lakini nani ataamini, mbao ya Metwalli haipasuki, na akiamini ndiyo vibaya zaidi. Nikimwambia nilisikia, ataona haya kwamba nilimkuta akinificha jambo. Nikinyamaza ataacha kazi anayoipenda, kwa ajili yangu, kwa ajili ya ubao. Na mkahawani je, Injinia atarudi kuwa nani? Namshukuru sana binti huyu, sijui watu wengine wanapata wapi wakwe zao, wa kwangu katoka mbinguni, na ndiyo maana nataka nitoke katika jambo hili bila kumuumiza tena na, kama itawezekana, bila kuchekwa. Nakushukuru nawe kwa kunisoma mpaka hapa.

Usta Metwalli, fundi makabati, Dumyat

---

Usta Metwalli,

Umemshukuru Mungu, umenishukuru mimi usiyenijua, hata ubao wa mjozi umeusifu kama ndugu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia Nesma ahsante, uso kwa uso, sikupaona. Na kama Ijumaa yenu bado ni ile ile, basi anayekusomea maneno haya sasa hivi ni yeye. Umeandika jina lako lote na la kwake pia, ukasema huna la kuficha. Ama hukufikiri, ama ulifikiri sana, ukakosa ujasiri wa kupanda ngazi, ukaamua nikupandie mimi. Nimechukua la pili, kwa heshima yako. Haya, mwambie ahsante. Gazeti litasubiri.

Nesma binti yangu, futa macho, endelea kusoma, na usiruke mstari kwa kumwonea huruma.

Usta, nianze na kichwa chako kisichokubali. Nilimuuliza mwenzetu hapa gazetini anayefanya kazi kama ya Nesma, naye akaniambia nikujibu hivi: simama penye meza yako ya karakana, bana viwiko mbavuni, kutanisha mikono mbele ya kifua, halafu piga randa hivyo mpaka alasiri. Utafika? Mtu ana mabega, na mabega yana upana. Kibodi ya kipande kimoja huivuta mikono ndani na kuvipinda vifundo kutwa nzima. Ikiwa vipande viwili, kila mkono unakaa mbele ya bega lake. Na zile herufi hazikufutika, hazikuwepo tangu mwanzo. Vidole vyake vinazijua, kama vyako vinavyojua unene wa mbao bila kupima. Kitu kile kilikuwa kizima. Umekivunja wewe, kwa kukiunganisha, na nasikitika kwamba imebidi uambiwe na gazeti.

Hadithi ya mbao iliyopasuka kwa joto iache. Uongo gani huo ambao huwezi kuusema bila kujitukana?

Nesma, nawe una lako. Nakupenda kwa ulichokifanya na nakukemea kwa hicho hicho. Adabu gani hii ya kutia mikono kwenye barafu? Mzee aliyemzika mkewe akabaki amesimama hawezi kufa kwa kuambiwa skrubu zimekaa vibaya. Ulitaka kumwachia furaha yake, ukamwachia kusimama mlangoni na sahani ya mishabbik akisikia yasiyokuwa yake. Kuacha kazi, hapana. Wakubwa wako waombe siku chache za kupumzisha mikono, na daktari umwone kabla Ijumaa nyingine haijafika. Wagdi umwambie leo, si mwisho wa mwezi.

Usta, kuna jambo umelisema kwa kujisifu na mimi limenitia wasiwasi. Hakuna mteja aliyewahi kukurudishia kazi? Miaka yote hiyo? Labda nao walikuwa na adabu kama ya Nesma, na kuna droo mji mzima zinafunguliwa kwa goti. Mwenzetu niliyemtaja anasema katika kazi yao kila siku mtu anawaambia hapa pana kosa, na pale pana kosa, na mwenye kazi anajibu ahsante, anarekebisha, hakuna anayekufa. Uinjinia ndio huo. Bayumi aliyekuuliza kama umemuuliza mwenyewe yuko karibu nao kuliko wewe, na anauza vanishi.

Sasa kazi. Msumeno usionekane ghorofa ile, kuna waya na vitu vyembamba ndani. Ulibana kwa skrubu, utafungua kwa bisibisi, polepole, na Nesma awe amesimama hapo akiangalia. Vipande vikishatoka, ubao ni wako, huo ukate upendavyo. Mwenzetu anasema watu wengi wa kazi hii hupenda kila kipande kiinuke kidogo upande wa ndani, kama paa la nyumba, viganja vitazamane, na mafundi wa kutengeneza vitako vya kufaa ni wachache. Hapo ndipo unapohitajika. Lakini usianze na mbao. Anza na maboksi ya karatasi ngumu, kata, kunja, weka chini ya kibodi, yeye afanye kazi juu yake. Akisema inua, inua. Akisema shusha, shusha. Akisema rudisha ilivyokuwa jana, rudisha, na midomo yako ifunge. Atakapoacha kuisugua mikono, ndipo uguse mjozi. Ganda la chaza tia kila upande, sikukatazi, kazi nzuri ni nzuri. Gundi ndiyo nakukataza.

Mkahawani ingia kifua mbele useme mteja amerudisha kazi nami ninairekebisha. Watacheka, ndiyo. Watacheka wiki nzima, wewe lipa chai. Na mwache Nesma apumzike kutokana na wageni wa kupapasa meza yake.

Ila kabla hujaitafuta hiyo bisibisi, vuta kiti, muulize inauma wapi. Mwache akuonyeshe kidole kwa kidole, kifundo, mpaka begani, achukue muda anaoutaka. Utatamani kumkatiza umweleze ulivyofikiri siku ile. Usimkatize.

Bi Ulfat