Upande wa Juu wa Mfarishi

Bongwe, Jumatatu baada ya adhuhuri

Dadangu Khadija,

Shikamoo. Nataraji barua hii itakukuta Siyu u mzima, goti limepoa, na wewe umeacha kupanda darini mara sita kwa siku kama mtu anayelipwa. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ila mimi nina hasira. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Juzi tulizungumza dakika kumi na moja; mimi nilipata mbili. Karatasi haikatizwi. Keti usome, na usimsomee mtu kwa sauti mpaka umalize.

Jambo lenyewe ni ule mfarishi wa arusi ya mwanangu Rukia. Wewe umeusikia mkia tu wa habari, ukaufanyia mzaha, na mzaha wako umenigharimu. Nitafika hapo.

Mwaka jana mzungu mmoja mkaazi wa Diani aliniletea mfarishi uliochanika upindo, nimtengenezee. Shuka nzito, pamba katikati, na juu rangi zimepangwa mawimbi mawimbi mpaka macho yanapepesuka. Akaniambia namna ile huitwa bajelo. Nikaukunjua mezani, nikauhesabu kabla sijagusa sindano. Dada, hakuna uchawi, ni hesabu tupu. Unachukua rangi ishirini, kila rangi unaikata vipande virefu vya inchi mbili na nusu, unaviunga ubavu kwa ubavu mpaka vinakuwa kama mkeka wa milia. Kisha mkeka huo unaukata tena kwa kukingama, mikanda myembamba na mipana, na kila mkanda unapouunga na mwenziwe unausogeza hatua moja juu au hatua moja chini. Ukisimama kando unaona mawimbi yanapanda na kushuka, na hakuna hata mshono mmoja uliopinda.

Hakunifundisha mtu, kama ambavyo hakunifundisha mtu kukata mapazia. Nilikuja huku na cherehani moja ya mkono, na mkono wenyewe ulikuwa umevunjika kishikio. Leo ninazo tatu. Basi nikasema, mwanangu wa pekee anaolewa, ataingia nyumbani kwa watu na kitu ambacho hakiko kwenye duka lolote la Ukunda. Nikanunua mita kumi, nusu mita kila rangi, kitambaa kipya kutoka kwenye jora, hakijaguswa maji. Mikanda arubaini na mmoja, kila mkanda vipande arubaini. Piga hesabu. Elfu moja mia sita na arubaini. Miezi mitano, saa mbili kila asubuhi kabla ya kazi za watu.

Lakini uso peke yake si mfarishi. Uso, pamba, bitana, tabaka tatu, lazima zishonwe pamoja, la sivyo pamba itakimbilia pembeni kama godoro la sufi lililokosa vifundo. Maelezo ya pamba yanasema mishono isiachane zaidi ya inchi nne. Kwa hiyo nilipaswa kuchagua mchoro wa kushonea, na hapo ndipo kila aliyewahi kuona sindano akageuka fundi.

Wa kwanza Wairimu, yule msichana wa bara niliyemwandika kazi cherehani ya pili. Mikono yake mizuri, mdomo wake hauna breki.

“Fundi, weka maua. Maua haikosangi wateja.”

“Mteja yupi? Huu ni wa mwanangu.”

“Basi weka maua mob.”

Nikajaribu ua moja kwenye kipande cha pembeni ili nisiambiwe mkaidi. Ua likaingia kwenye buluu likatokea kwenye manjano halina kichwa wala shina. Mawimbi tayari yanakwenda. Ukiyawekea kitu kingine kinachozungukazunguka, vyote viwili vinapotea. Na uzi wa rangi gani? Mweupe unapiga kelele kwenye zambarau, mweusi unaonekana kama nzi kwenye waridi.

Rukia naye akaja na simu yake. Anataka makopa, ile mioyo ya karata, na ndani ya kila kopa herufi ya kwake na ya mchumba wake Salim.

“Makopa mangapi, mwanangu?”

“Yajae, mama.”

Kwa inchi nne nne, kumi na manane kwa upana, ishirini kwa urefu. Makopa mia tatu na sitini! Nikamwambia, hata kama mnapendana, nanyi oneni aibu.

Nikafikiria kufuata njia ya yule mzungu, mshono ukiandama ngazi za wimbi. Nikahesabu: wimbi moja tu ni kuugeuza mfarishi mzima chini ya mguu wa mashine mara themanini, na una uzito wa mtoto wa miaka miwili. Mgongo wangu ukajibu kabla yangu.

Nikiwa katika hali hiyo, uso umepigwa bandi za kushikizia juu ya pamba, pini kila mahali, ndipo akaja mavyaa wa Rukia mtarajiwa, Bi Mejumaa, mamake Salim. Alitoka Gazi na dadake kuja kutazama vyombo vya mwari. Ni mama mwenye heshima zake, na mwanawe ni kijana mpole, kazi yake kupanda miche ya mikoko na kuihesabu, kwa hiyo nilidhani hesabu iko kwenye damu. Nikawatandikia mfarishi sakafuni.

“Mashaallah, rangi,” akasema. Akauzunguka. Akashika pembe. “Mwenzangu Fatuma, kwani kitambaa kilikupungukia?”

“Hakikunipungukia. Nimekikata makusudi.”

“Umekikata kizima?”

“Naam.”

“Kisha ukakiunga?”

“Naam.”

Akamtazama dadake. Dadake akatazama dari.

“Sasa mwari wetu ataingia Gazi na viraka?”

Neno lile, dada. Wewe na mimi tulivaa viraka, na hatukuvaa makusudi. Unakumbuka gauni lililoanza kijani likaishia halina jina. Mimi nimehangaika miaka ishirini na miwili huku ili mwanangu asilijue neno hilo mwilini mwake, halafu linaletwa mpaka sakafuni kwangu, linawekwa juu ya mita kumi za kitambaa kipya! Nikawapa chai. Nilikuwa nimeandaa na mahamri. Wallahi nilitaka kuyarudisha jikoni.

Siku ya pili Rukia akaniambia, hanitazami, anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa, “Mama, usijichoshe bure. Nitachukua blanketi.”

“Nani amekutia maneno?”

“Hakuna.”

“Rukia.”

“Hata mama mkubwa alisema ni kama pazia la chekechea.”

Haya. Mama mkubwa ni nani, kama si wewe? Najua ulikuwa ukicheka, najua ni utani. Lakini mtoto anayesikia neno moja kwa mavyaa na la pili kwa mama mkubwa hahesabu utani, anahesabu mbili. Mimi sikupigania kitambaa, dada. Naweza kukitandika kitandani kwangu nikalala vizuri tu. Lakini msichana akienda kwa watu na kazi ya mamake imefichwa ndani ya gunia, ameshajifunza kunionea haya, na hilo haliishi siku ya arusi. Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Kwa hiyo ilinibidi nitafute mchoro ambao ukiuona huwezi kutamka neno viraka hata ukitaka. Nilichora na chaki, nikafuta, nikachora, mpaka Wairimu akawa anaita sakafu yangu ubao wa shule. Ijumaa moja nikafua kofia ya baba Rukia, ile uliyomshonea wewe, nikaigeuza ndani nje niianike. Nikasimama nayo mkononi. Kofia ni nini, dada? Ni vitambaa viwili na uzi. Imekatwa, imeungwa, imetobolewa matundu mpaka ukiinyanyua unaona mbingu. Na hakuna mtu toka Siyu mpaka Vanga aliyewahi kuiita mbovu. Anayeivaa anapishwa njia. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya mpango wa mshono: umepimwa, umetulia, unajua unakokwenda.

Basi nimechukua mchoro wako. Sikukuomba ruhusa. Ile mistari miwili myembamba iliyo sambamba, na katikati yake vijiduara vinavyofuatana. Nimeipanua, nikaipitisha moja kwa moja, kushoto hadi kulia, ikiyakata mawimbi, kila inchi nne. Mistari ishirini. Uzi wa rangi ya hina, kama wa kofia. Kwenye kipande cha majaribio ikakubali papo hapo: wimbi linapanda na kushuka, mstari umetulia, na kila kimoja kinamwonyesha mwenziwe. Hata Wairimu aliacha cherehani yake akaja kuangalia, wala hakutaja maua.

Nilipomaliza mistari kumi na miwili nikaukunja, nikaenda nao Gazi mwenyewe. Nikamkuta Bi Mejumaa barazani anachambua mchicha. Nikamtandikia juu ya mkeka, nikasimama, mikono kiunoni, nikangoja. Akajifuta mikono. Akaangalia. Akasema, “Mmh.” Kisha akainua pembe, kama afanyavyo kwa kila kitu, akaupindua.

Upande wa chini ni bitana nyeupe, nzima, haina kiungo hata kimoja. Mishono tu ya rangi ya hina imepita juu yake.

“Subhanallah,” akasema. “Na hii je?”

“Hiyo ni bitana.”

“Hii ndiyo juu.”

“Bi Mejumaa, hiyo ni chini.”

“Mwenzangu, chini ni kule kwenye viraka. Darizi kama hii kwenye kitambaa cheupe, kama kofia ya bwana arusi! Kwa nini ulikuwa ukiificha?” Akamwita jirani yake. “Njoo uone kazi ya mamake Rukia!” Jirani akaja, akaita wa pili. Wakawa wanne wanapitisha vidole kwenye vijiduara vyako, wanaulizana kama ni mkono au ni mashine.

Elfu moja mia sita na arubaini, dada. Vipande vyote vimelala kifudifudi juu ya mkeka wa Gazi, na watu wanasifu bitana. Nilifungua mdomo niwaambie. Kisha nikamsikia Bi Mejumaa akisema, “Huu utatandikwa siku ya kuonyesha vyombo, juu ya vyote, kila mtu auone.” Nikaufunga mdomo.

Niliporudi nikamweleza Rukia, huku nimekasirika hata buibui sijavua. Akacheka mpaka akakaa chini. Wiki mbili hajacheka vile.

“Kumbe una pande mbili, mama. Atautandika apendavyo, wageni wakiondoka nitaugeuza.”

“Na blanketi?”

“Blanketi lipi?”

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda. Lakini wewe ni fundi, utajua kilichonipata. Mishono yote nilishona nikiutazama uso. Uzi wa juu umetulia, uzi wa bobini huko chini umelegea hapa, umefanya kitanzi pale. Nani hujali chini? Sasa chini ndiko juu. Wale wanne wa Gazi walikuwa wakisifu tu kwa heshima, lakini siku ya arusi watakuja arubaini, na kati ya arubaini hawakosi watatu wenye macho. Nimefumua. Yote kumi na miwili. Siku nne za wembe na pini. Wairimu aliuliza, “Fundi, si ungewacha tu?” Nikampa upande wake afumue.

Nimeanza upya, mistari miwili kwa siku, Ijumaa sishoni. Nitamaliza siku kumi na tano kabla ya arusi, nafasi ya kupindia ukingo ipo. Nimeugeuza kifudifudi, nashona juu ya nyeupe. Mawimbi siyaoni. Nayahisi tu kwa kidole cha kushoto, kiungo baada ya kiungo, arubaini kila mstari, na kila kimoja nakitambua.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu Omari, mwambie kofia yake ijayo iwe na subira, fundi wake anasafiri. Nisalimie kaka yetu Ali, na mkewe aliyejifungua, na shangazi yetu Bi Esha asiyesikia, mwambie kwa sauti. Wewe njoo wiki moja mapema, uje na ile penseli yako ya kuchorea kofia. Bi Mejumaa akikuonyesha upande wa juu, sema mashaallah, basi. Huo ni mchoro wako, hutadanganya. Kisha ingia chumbani na Rukia, mfunge mlango, akugeuzie.

Mimi mdogo wako, mwenye sindano mdomoni hata sasa,
Fatuma, mamake Rukia