Baba Mkwe Kiti cha Mbele

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo nimetoka nyumbani kwangu kwa dirisha. Mie, bingwa wa taifa wa ngumi, nimeruka dirisha la chumbani na begi la glovu mgongoni, kwa sababu baba mkwe yuko sebuleni anakunywa chai. Kafika Bunju jana kutoka Tukuyu. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Wengine siku hizi wanakula naye meza moja, wala hakuna ishu. Mzee wetu hapana. Miaka sita ya ndoa namjua kwa kikohozi tu.

Jumatano, 13 Agosti

Asifiwe mume wangu kamkatia baba yake tiketi ya pambano langu la kutetea mkanda. Kiti cha mbele! Nimemuuliza kama ana akili timamu. Anasema mzee mwenyewe kaomba, mapambano yangu yote kayasikiliza redioni, safari hii anataka kuwa ukumbini. Sasa nitasimamaje na kaptura mbele ya baba mkwe? Asifiwe anajibu, funga kitenge juu yake. Nikamnyima chakula. Baadaye nikamhurumia, nikampa makande yaliyopoa.

Jumapili, 17 Agosti

Aibu tupu. Mazoezini, raundi ya tatu, natupiana ngumi na Rosalia, mwenzangu wa mazoezi, mara nasikia kikohozi mlangoni. Mwili ukafanya wenyewe — kichwa chini, uso ukutani, magoti sakafuni. Ngumi ya Rosalia ilikuwa imeshaondoka. Ikanipata sikioni.

Kumbe ni muuza maji.

Kocha Badru kakaa kwenye ndoo. Kasema Jumamosi nikimpigia mpinzani wangu Jenipher magoti, mkanda unahamia Temeke na yeye anaacha ukocha, anauza mihogo. Sikio linavuma mpaka sasa.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemwomba Asifiwe amwambie baba abaki nyumbani. Hawezi. Mzee kanunua shati jipya Kariakoo, kalipiga pasi mwenyewe mara mbili. Hata mie nisingeweza kumwambia.

Lakini mkanda huu nimeutafuta miaka tisa. Naogopa. Jenipher simwogopi, nilishampiga. Naogopa kugeuza macho mara moja tu, upande usiofaa, mwenzangu akiwa ameshakunja ngumi.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimepima, uzito uko sawa. Jenipher kanikazia macho mbele ya kamera, kaniuliza kwa upole: dada, kesho utaniangalia mie au utaangalia sakafu? Kambi yake yote ikacheka. Nani kawaambia? Rosalia, nani mwingine! Mdomo wa yule mtoto hauna mlango. Badru anasema sasa watanisukuma upande aliokaa mzee kila raundi. Nimekula wali nusu sahani.

Jumamosi, 23 Agosti

Chumba cha kubadilishia nguo, Kinondoni. Mikono imeshafungwa bandeji, kalamu naishika kama mwiko.

Asifiwe kaja mbio. Baba kafika, kapewa kiti chake, kakigeuza. Kaupa ulingo mgongo! Wasimamizi wanamgombeza kwamba anaziba njia. Anawajibu kwamba kalipia kiti, hakuna aliyemwambia akikalie upande gani. Mkamwana wake apigane kwa raha zake, yeye atasikiliza kama alivyozoea, mwanawe amsimulie. Watu wa nyuma yake wanamwona uso kwa uso, wanamsalimia shikamoo, anaitikia mmoja mmoja.

Nimecheka mpaka Badru kakasirika.

Kisha Asifiwe kachuchumaa mbele yangu. Kasema kuna jambo jingine baba kamwagiza, kwa maneno haya: Akipiga, usihangaike kuniambia, kelele nitazisikia. Akianguka, niambie haraka, nigeuke.

Nigeuke. Mzee yule! Sijawahi kuuona uso wake, na yeye hajawahi kuuona wangu. Nimelia, mafuta aliyonipaka Badru yote yakashuka shingoni. Kanifuta, kanipaka upya, ananung'unika kwamba mabondia wengine wanakuja na meneja, mie nakuja na ukoo.

Jina langu linaitwa. Glovu ya kushoto imeshavaliwa, Badru kaishika ya kulia, anasubiri niweke kalamu. Sijui nitapiga vipi leo. Ila kuanguka —