Namba ya Kalenga Haigawanyiki

Tata, baba yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute na nguvu, na mguu wa Mama uwe umepungua kuvimba. Mimi mwili ni mzima. Ningependa kuishia hapo, lakini nitakuwa nimekudanganya.

Kalenga wetu amekufa, Tata. Shimo walilokuwa wakichimba Mutoshi liliwaangukia Jumanne, yeye na wenzake wawili.

Unakumbuka darasani kwako Kisenge, uliposema "nombre premier", yaani namba tasa, naye kwa kuwa premier ni wa kwanza akadhani ni namba ya mtoto anayeongoza darasa? Maana yake aliijua baadaye, ila ule ujinga aliupenda. Alipopewa karte, kadi ya mchimbaji, namba 100003, alikaa nayo Jumapili mbili hapa Kapata akiigawanya, mwishowe akanipigia kelele mimi kaka yake: "Yaya Ngoy, haigawanyike! Mi njo premier!" Tangu siku ile ilikuwa lazima atangulie kushuka shimoni. Nilimgombeza, akanicheka, nikacheka naye. Mungu anisamehe.

Mimi nilikuwa kazini mjini. Nilipofika, waliosalimika walikuwa wametawanyika kwa kuogopa polisi, sikupata wa kumuuliza. Wawili walitambuliwa na ndugu zao. Wa tatu, aliyekuwa chini kabisa, uso haukutambulika, wakamzika haraka wakabaki na karte yake. Karani wa machimbo alisoma 100008.

"Hii iko nane, bwana," aliniambia. "Utafute ndugu yako fasi ingine."

Nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilipiga magoti nje nikashukuru, na mtoto wa watu yuko kaburini. Kisha moyo ukakataa, nikarudi kuomba niione. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imefutika nusu, kweli ingeweza kuwa nane. Lakini ndani ya plastiki, nyuma ya karte, kulikuwa na karatasi ya daftari imekunjwa. Kwa 3, inabaki 1. Kwa 7, inabaki 1. Kwa 11, inabaki 2. Aliendelea hivyo mpaka 313, inabaki 156, akaacha, maana 317 mara 317 inapita 100003. Wewe ndiye uliyetufundisha kuacha pale. Namba inayoishia na nane haihitaji hesabu yote hiyo, mbili tu inaimaliza.

"Sasa, iko ya nani?" karani akauliza.

Ningeweza kunyamaza, nanyi mngeendelea kumngojea. Nilisema ni ya Kalenga. Wameandika jina lake kwenye msalaba.

Mwambie Mama polepole, tantine, mdogo wake, akiwa karibu. Nisalimie shemeji yangu fundi baiskeli na mchungaji aliyetubatiza. Na yule binti wa fundi cherehani aliyekuwa akimngoja Kalenga, nenda kwake wewe mwenyewe, asisikie sokoni.

Karatasi nimeiweka humu. Wewe ni mwalimu, ikague. Mimi nimerudia kila mstari mara tatu nikitafuta kosa, hata moja. Sijaliona.

Mtoto wako uliyebaki naye,
Ngoy