Ukurasa wa Tatu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yamepata nafuu, maana fundi wa vigae anakula kwa magoti. Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, mafua tu, nayo yanapita.

Leo nimekabidhiwa chumba kile kile nilichokaa likizo ile ndefu, miaka kumi na tisa sasa, nilipochaguliwa kufanya utafiti wa hisabati nikiwa bado mwanafunzi. Safari hii mwalimu ni mimi. Wanafunzi wanane wataanza mwezi ujao, wiki nane kama sisi. Ubao una ufa ule ule. Nimekaa chini yake peke yangu, machozi yakanilenga.

Nilikuandikia sana wakati ule, unakumbuka? Tulikuwa wanne, swali moja, birika moja la chai, na mwalimu tuliyembandika jina la Mzee Thibitisha. Ukimwambia mvua inanyesha, anakwambia thibitisha. Tulitakiwa kujua ni maumbo gani yanajazwa na vipande virefu vya miraba mitatu bila kukata hata kimoja. Wiki tano tulitwanga maji kwenye kinu. Nilishafunga begi nirudi nyumbani.

Ndipo nikakumbuka sakafu ya jiko la mama. Miraba minane kwa minane, nguzo imekula mmoja wa kona, na mama anang'ang'ania kwamba sitini na tatu inagawanyika kwa tatu, kwa hiyo weka tu vigae virefu vya miraba mitatu. Wewe ukatia chaki za rangi tatu mshazari, kama unavyofanya siku zote kabla ya kununua vigae, ukahesabu. Nyeupe ishirini, nyekundu ishirini na mbili. Ukasema, "Kila kigae kinakula rangi zote tatu. Hizi hazilingani. Haitoki, hata ulie."

Nilikwenda kununua chaki.

Siku ya kuwasilisha, Mzee Thibitisha aliniuliza njia ile nimeitoa wapi. Wenzangu ni watoto wa madaktari na mainjinia, nami niliona haya kumtaja fundi wa sakafu. Nikasema, "Imenijia tu." Akanipa mkono. Ulipoomba makala yetu, nilikutumia ukurasa wa kwanza peke yake, nikasingizia kwamba nyingine zimepotea. Hazikupotea, kaka. Ukurasa wa tatu una mchoro wa jiko la mama, na niliogopa ungeutambua. Wewe ukautia ule mmoja kwenye fremu, unawaonyesha wateja, na kila nikija nyumbani nakaa nimeupa mgongo.

Nimeiweka makala yote humu kwenye bahasha. Nisamehe, kisha uje. Somo la kwanza ni lako, njoo na chaki zako. Wakiuliza njia hii imetoka wapi, safari hii nitanyoosha kidole.

Wabusu watoto, msalimie wifi. Mama mwambie sitini na tatu bado haitoki, nimethibitisha.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho,
Baki