Dole Gumba la Mzee Njoroge

Kangemi, Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mvua imefika Taveta, au bado inaishia kwa majirani tu? Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni ndiyo sikutaka kuyasema kwa simu, maana simu yako husikilizwa na mji mzima. Soma hii peke yako. Uliingia gumbaru kujifunza kusoma uzeeni kwa hasira ya karatasi moja, na leo nakuletea nyingine.

Hali ya nchi unaisikia redioni. Huko shemeji, mwalimu wa serikali, ameshakatwa mshahara. Huku ofisini kwetu Hurlingham wakubwa wetu nao wakaona wasiachwe nyuma. Wakaandika barua, kila mfanyakazi akubali "kwa hiari yake" kupunguziwa. Hiari! Na nani alipewa kazi ya kuzizungusha zitiwe sahihi kabla ya saa sita? Mwanao, karani. Bosi aliniambia asiyetia sahihi ataondoka, na mimi nyuma yake.

Jikoni nilimkuta Mzee Njoroge, anayetupikia chai ya saa nne. Hajui kusoma. Barua yake ilikuwa na ukurasa wa pili: wazee kama yeye wasije tena kazini mpaka waitwe. Niliusoma, Mama. Sitakudanganya.

"Binti yangu, inasema nini?" akaniuliza, mikono imejaa povu.

"Ni kitu ya kawaida tu, Mzee. Kila mtu anakatwa kidogo. Weka kidole hapa."

"Ukisema wewe, ni sawa."

Akajifuta kwenye aproni, akaweka.

Jumatatu bawabu akamzuia getini, jina halimo. Tangu hapo kila asubuhi Mzee hutembea kutoka huku Kangemi, husimama pale getini na barua yake kwenye bahasha. Bawabu akitaka kumsomea, anakataa. "Namngoja binti yangu. Yeye ndiye anajua imeandikwa nini." Nami huingia kwa mlango wa nyuma, wiki ya tatu hii. Saa nne ikifika nasikia vikombe vikigongana jikoni, halafu ndala zake zinakuja kwenye korido. Nikigeuka, hakuna mtu. Chai yenyewe siku hizi haipikwi. Naogopa, Mama. Kweli naogopa.

Si ndivyo alivyofanywa Baba kwenye shamba la mkonge? "Ni ya kawaida tu," karani alimwambia, Baba akaweka dole gumba, tukatolewa nyumba ya kampuni na vyombo vyetu juani. Nakukumbuka kila jioni ukisonga ugali na kumlaani: "Karani yule, mkono wake ukauke!" Mimi ndiye niliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Juzi mkono wangu wa kulia ulianza kufa ganzi. Labda ni kuchapa sana.

Kesho nitapita geti la mbele, nimsomee Mzee kurasa zote mbili, na nimwambie nilijua. Kazi ikienda, na iende. Nitarudi tulime.

Wasalimie dada na shemeji, na shangazi aliyekusaidia kunilea, mwambie kikapu alichonipa nikija Nairobi bado ninacho.

Ombi langu ni moja tu, Mama. Ukimlaani tena yule karani wa mkonge, mtaje kwa jina lake. Ukisema "karani" tu, laana itanipata mimi.

Ni mimi mwanao,
Mkawasi